Mtoto wa Mgongoni

Mtoto aliyekamatwa Mabamba alikuwa mvulana.

Sajenti Tamimu aliusikia ujumbe huo kwenye redio ya kituo cha Kasulu, akamwomba askari wa mpakani aurudie, naye akaurudia vilevile: mwanamke ni mke wa muuza chumvi, mtoto ni wake wa kumzaa, ni wa kiume, na wote wawili wameshaachiwa. Tamimu alikirudisha kipaza sauti mahali pake. Nyuma yake, kwenye benchi la walalamikaji, walikaa baba na mama waliopanda kutoka Kigoma alfajiri kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewaita. Kazi ya upelelezi ina maudhi mengi, lakini hakuna linaloumiza kama kugeuka na kumwambia mama kwamba mtoto aliyepatikana si wake.

Aligeuka akawaambia.

Mwalimu Philemon Mwakalukwa alijifunika uso kwa viganja. Mkewe Veronica hakulia. Aliuliza kama wana hakika ni mvulana, akajibiwa kwamba wana hakika. Mikononi alishika kopo dogo la dawa, na tangu siku ya kwanza Tamimu hakuwahi kumwona bila kopo hilo.

Habari yao ilikuwa fupi na ya kusikitisha. Mwalimu alifundisha sekondari Kibondo, mkewe alikuwa nesi hukohuko. Wote wawili walitoka Tukuyu, na tangu wapangiwe kazi nyanda hizi hawakuwahi kupumzika. Likizo ya Desemba ilipofika wakaona waende Kigoma siku chache, wamwonyeshe binti yao Atupele ziwa. Walimchukua na yaya wao, Claudine, msichana wa Heru Juu, kijiji cha Kasulu, aliyemlea mtoto tangu ananyonya. Walipanga chumba nyumba ya wageni, wakala samaki wa migebuka, wakapigwa picha wamekanyaga maji, na Mwalimu, ambaye kwa kawaida hacheki ovyo, alicheka mpaka machozi mtoto alipolikemea wimbi. Asubuhi ya kuondoka Claudine aliteremka ufukweni Kibirizi kununua dagaa wa safari, Atupele akiwa mgongoni. Hawakurudi.

Kwanza ilipatikana ndala ya mtoto mchangani, na wavuvi wakapiga mbizi mpaka wakachoka. Kisha mwenye boti mmoja akasema alimwona mwanamke na mtoto wakipanda chombo cha Burundi. Hapo maneno yakageuka. Claudine akaitwa mwizi wa mtoto, vituo vyote vya mpakani vikapewa taarifa, na kwa kuwa kwao ni Heru Juu, jalada likapandishwa Kasulu na kutua mezani kwa Tamimu.

Na kulikuwa na jambo la kopo. Atupele alikuwa na kifafa. Alikunywa dawa asubuhi na jioni, na alipokosa, kilimrudia kwa nguvu. Mara ya mwisho nusura wampoteze. Kwa unesi wake Veronica alijua vizuri kinachotokea mwilini mwa mtoto kama huyo kila jioni inayopita bila dawa. Bora asingejua.

Tamimu alivuta kigoda, akaketi mbele yao, akaanza upya, maana njia nyingine hakuiona. Aliuliza ni vitu gani vya Claudine vilibaki chumbani. Veronica alivitaja bila kufikiri: kanga zake, viatu vyake vya kanisani, na kitenge kipya alichokuwa amemnunulia mama yake.

"Na dawa?"

"Ilibaki dirishani. Ndipo alipokuwa anaiweka."

"Anaiweka nani?"

"Claudine. Mimi nikiwa zamu nani angempa mtoto dawa?"

"Basi siku hiyo aliisahau."

"Claudine hasahau dawa," alisema Veronica, akasita, kama aliyejisikia akimtetea mtu aliyemlaani usiku kucha.

Mwalimu hakupenda mwelekeo huo. Alisema mwanamke yule ni mwizi, tena ni Mrundi, Warundi wote sasa wanatafuta pa kukimbilia, na huenda alitaka mtoto wa kuonewa huruma njiani. Maneno ya namna hiyo Tamimu alikuwa ameyasikia mno mwaka ule wa tisini na saba. Amri ilikuwa imetoka kwamba Warundi waliotapakaa vijijini wakusanywe makambini, na malori yalipita soko kwa soko. Ukiishi na mtu miaka ishirini na mitano, siku hiyo unagundua ni Mrundi. Tamimu, mtu wa Pangani ambaye naye huku juu aliitwa mgeni kila alipolalamikia baridi, yalimkera sana. Lakini kazi ni kazi, na siku ya kwanza kabisa alikuwa ameiuliza kwa redio kambi ya wakimbizi iliyo karibu: je, yupo mwanamke aliyeingia na mtoto wa kuiba, mtoto wa mwalimu? Kambi ilijibu hayupo. Watoto wote walioletwa kutoka ziwani wapo na mama zao. Akaiondoa kambi katika hesabu zake. Hapo ndipo alipokosea, ila asubuhi ile alikuwa bado hajajua.

Alichokijua ni kwamba mwizi haachi viatu vyake. Wala haachi dawa ya mtoto anayetaka aishi.

"Tunakwenda Heru Juu," alisema.

Mgambo aliyetumwa huko mwanzoni alikuwa amerudi na jibu kwamba mama yake Claudine ni kikongwe, muuza maharage wa miaka mingi, anaitwa Manirambona, na hajui Kiswahili hata neno. Tamimu aliliamini jibu hilo alipokuwa na imani na Mabamba. Sasa tumaini la Mabamba limekufa, alianza kulitilia shaka. Mwanamke auze maharage soko la Kasulu miaka yote hiyo, asijue Kiswahili?

Landrova ilipanda mlima kwa kunung'unika. Mvua ilikuwa imenyesha, mihogo imeinama, na watu waliokuwa mashambani walisimama kulitazama gari la polisi, kisha mmoja mmoja wakaanza kuondoka barabarani. Tamimu aliliona hilo, akaliweka moyoni. Aliwaomba mume na mke wabaki garini. Mwalimu alishuka hata hivyo.

Bibi Manirambona alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage kwenye ungo, na nyuma yake, jikoni, sufuria la maharage mengine lilikuwa motoni. Tamimu alimwamkia. Bibi alitikisa kichwa. Alimuuliza habari za Claudine, akatikisa tena na kuinua mikono, ishara kwamba lugha hiyo ni ya wengine. Tamimu hakubishana naye. Alimgeukia Mwalimu akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumzia mvua, "Naona maharage ya bibi yanafurika, yatazima moto."

Bibi aligeuka kutazama jikoni.

Sufuria lilikuwa limetulia kabisa. Alipogeuka tena macho yao yakakutana, na Tamimu hakufurahia ushindi wake, maana uso aliouona ulikuwa wa mtu aliyekwisha.

"Sasa tuzungumze, mama," alisema.

Bibi alirudi kwenye ungo wake. Tamimu aliingia akapekua chumba kimoja na cha pili, bila kuona nguo ya mtoto wala alama ya mgeni. Alimtisha kidogo kwa sheria, kama ilivyo desturi ya kazi, na maneno yake mwenyewe yakamkinaisha. Bibi aliendelea kuchambua maharage, ila sasa mazima na mabovu aliyatupa pamoja.

Ndipo Veronica alipotoka garini. Alikuja moja kwa moja, akapiga magoti kwenye tope mbele ya ungo, akaliweka lile kopo juu ya maharage.

"Mama," alisema, "sikuja kumfunga mtu. Mwanangu ana kifafa. Hii ndiyo dawa yake. Kama unajua aliko, usiniambie mimi. Mpelekee tu hii."

Bibi aliliokota kopo, akaligeuza mkononi. Kisha akauliza, kwa Kiswahili kilichonyooka, "Hamkuja kunichukua mimi?"

"Kukuchukua kwenda wapi?" aliuliza Tamimu.

"Kambini. Nilidhani lori liko nyuma yenu. Ndiyo maana nikawa bubu, afande. Bubu hajulikani ni wa wapi." Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Na huko ziwani hawachukui watu?"

Malori ya ziwani Tamimu hakuwa ameyafikiria. Kabla hajajibu, bibi alikuwa amemshika Veronica mkono na kuanza kueleza, kwake yeye, kama mwanamke anavyomweleza mwanamke mwenzake. Alisema mwaka wa sabini na mbili alikimbia mauaji ya Burundi, akavuka kwa miguu kupitia Mabamba na kundi la watu wa kijiji chao. Njiani jirani yake aliuawa, na mtoto wa jirani alikuwa bado ananyonya. Manirambona alimchukua akamfunga mgongoni. Walipofika upande huu watoto wasio na wazazi walikuwa wanatengwa, wanapandishwa gari lao peke yao, na hakuna aliyejua gari hilo linakwenda wapi. Alipofikiwa, akaulizwa mtoto ni wa nani.

"Nikasema ni uwanje. Ni wangu. Ningesema nini? Sisi tuliokimbia tulifanya hivyo wote. Aliye mgongoni ni wako mpaka aliyemzaa aje kumshusha kwa mikono yake mwenyewe. Mama yake hakuja kumshusha."

"Ndiye Claudine," alisema Veronica polepole.

"Ndiye. Nilimwambia alipokua, nikamwonyesha na kitenge nilichombebea. Anajua."

Mwalimu alitaka kuuliza jambo, lakini Tamimu alimzuia kwa mkono. Kila kitu kilikuwa kinajipanga chenyewe. Soko la dagaa la Kibirizi asubuhi, wanawake wa Kirundi wakiuza na kununua, lori linakuja. Claudine yumo kati yao, anaongea kama wao, hana karatasi yoyote. Mwenye boti alimwona mwanamke mwingine. Ndala haikuvuliwa na maji, ilidondoka mtoto alipopandishwa juu. Na pale kwenye lori, alipoulizwa mtoto ni wa nani, Claudine hakuwa na majibu mengi ya kuchagua. Angesema si wangu, wangemnyang'anya. Alisema kile alichosema mama yake Mabamba.

Kwa hiyo kambi haikumdanganya Tamimu. Aliuliza mtoto wa kuiba, akajibiwa hayupo, kwa sababu kambini hapakuwa na mtoto wa kuiba. Palikuwa na mama na mwanawe. Alijiona mjinga kupita kiasi, na siku zote zile mtoto alikuwa umbali wa safari fupi tu kutoka mezani kwake, bila dawa.

Kabla ya kupanda gari alimgeukia bibi. Alimwambia kwamba upelelezi wake Heru Juu haukumkuta mtu yeyote ila bibi mmoja bubu.

Kambini walifika jua likiwa bado kali. Mahema yalifunika mteremko mzima, moshi wa kuni mbichi ukiwa umelala juu yake, na Veronica alipouona ukubwa wa mahali pale alimshika mumewe mkono. Mkuu wa kambi, bwana mmoja mtanashati aitwaye Stanislaus, alikuwa mtu wa adabu na wa taratibu. Alirudia lile jibu la redioni. Akina Claudine ni wengi, alisema, na kila mtoto ana mzazi wake.

"Simtafuti mtoto aliyeibwa," alisema Tamimu. "Namtafuta mama mwenye mtoto wa kifafa. Nionyeshe zahanati."

Zahanati ilikuwa hema refu lenye vitanda vya kamba. Nesi wa zamu, Mkongomani mnene mwenye macho ya usingizi, hakuhitaji kuulizwa mara mbili.

"Iko mama moja pale mwisho," alisema. "Mutoto yake iko na kifafa mubaya sana. Ile mama anajua dawa na jina yake, analia kila siku tumupatie. Siye hatuna. Jana mutoto alianguka mara mingi. Leo hana nguvu ya kuanguka."

Veronica alikuwa ameshapita.

Claudine alikuwa ameketi chini, bega kwenye nguzo, amekonda, midomo imepasuka. Aliona kwanza sare ya mkuu wa kambi, na mikono yake ikarudi nyuma kuushika mzigo wa mgongoni.

"Ni uwanje," alisema haraka. "Ni wangu, afande, nilishasema."

Kisha akamwona Veronica. Aliinama mbele polepole, mpaka paji la uso likakaribia kugusa udongo, akafungua fundo la kitenge kikuukuu kifuani na kusubiri. Veronica alimshusha mtoto kwa mikono yake mwenyewe.

Atupele alikuwa hai. Macho yalikuwa nusu wazi, mwili umelegea, lakini alikuwa hai. Veronica aliisaga dawa kwa mgongo wa kijiko, akaikoroga na maji, akaanza kumpa tone kwa tone, akimwita jina lake la nyumbani. Mwalimu Philemon alisimama juu yao analia waziwazi, na hakujali nani anamtazama. Baadaye kidogo koo la mtoto lilicheza. Amemeza. Nesi alisema kwa Kifaransa neno ambalo hakuna aliyelielewa, akatoka nje.

Claudine alieleza kwa maneno machache, na yalikuwa yaleyale Tamimu aliyoyapanga kichwani Heru Juu. Alisema pia kwamba ndala ilipodondoka alipiga kelele lori lisimame. Halikusimama.

"Twende nyumbani," alisema Veronica. "Sote. Inuka, Claudine."

Ndipo Stanislaus alipokohoa.

Alisema kwa upole kabisa kwamba mtoto hana tatizo, wazazi wamejitokeza, wamchukue. Mwanamke ni jambo jingine. Ameingia hapa kama mkimbizi. Tamimu alisema huyu amekulia Heru Juu. Stanislaus aliuliza karatasi iko wapi. Hapakuwa na karatasi. Basi aletwe mzazi wake athibitishe.

"Mama yangu alikufa," alisema Claudine papo hapo, akamtazama Tamimu usoni. Tamimu hakumsahihisha.

"Sajenti, nitakuwa wazi," alisema Stanislaus. "Redioni uliniambia unamtafuta mwizi wa mtoto. Kama ni mwizi, ni wako, mfunge pingu uende naye. Kama si mwizi, ni mkimbizi, na mkimbizi hatoki hapa bila kibali cha mkoa."

"Kibali kinachukua muda gani?"

"Wapo wanaokisubiri tangu mwaka jana. Na mimi sitaki kesho kuambiwa nilimtoa mtu kwa urafiki. Mlalamikaji aseme mbele yangu, kwa kinywa chake."

Tamimu alikuwa na pingu kiunoni na jalada garini, na katika jalada hilo Claudine alikuwa mwizi tangu ukurasa wa kwanza. Akimfikisha Kasulu, kesi itakufa yenyewe kwa kukosa mlalamikaji. Alijua pia kwamba huko Kasulu wapo wakubwa wake, na wapo watu ambao neno Mrundi likiunganishwa na neno mwizi huwa hawahitaji la tatu. Hakuweza kumwahidi Claudine chochote, na hilo lilimwuma. Lakini lango la kutokea lilikuwa hilo moja tu.

Alimwangalia Mwalimu. Mwalimu, aliyelitamka neno mwizi asubuhi bila shida yoyote, alitazama viatu vyake.

"Malalamiko ni ya mama," alisema Tamimu. "Mama, umesikia swali."

Veronica alikuwa amempakata mtoto. Alifungua kinywa, akakifunga. Siku zote zile alikuwa amelisema neno hilo mbele ya wavuvi, mbele ya polisi, mbele ya Mungu, na sasa lilipohitajika halikutoka.

"Sema tu, mama," alisema Claudine kwa sauti ndogo. "Mimi nitajua."

Stanislaus alifungua daftari la kambi.

"Ni mwizi," alisema Veronica. "Aliniibia mwanangu."

Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Kibirizi. Tamimu alimfunga Claudine pingu kwa mbele, akaziacha zimelegea. Veronica aliinuka, akamzunguka, akamweka Atupele mgongoni kwa msichana, akakivuta kile kitenge kikuukuu, akakifunga fundo kifuani kwa sababu Claudine mikono yake ilikuwa na chuma.

Walitoka hivyo, Veronica akitembea nyuma na kiganja chake kwenye kichwa cha mtoto. Askari wa getini aliona mwanamke mwenye pingu amebeba mtoto. Hakuuliza mtoto ni wa nani. Alifungua lango, wakapita.